Ukienda kukagua makaazi ya mzee, nenda wakati wa Magharibi

Watu wengi huenda kutazama makaazi ya wazee saa nne asubuhi. Saa hiyo wazee wameshakoga, wameshakunywa chai, sakafu imeshapigwa deki, na msimamizi yupo ofisini anangojea wageni. Hata nyumba mbovu huwa nzuri saa nne.

Tabu ya mzee mwenye maradhi ya kusahau (dimenshia) huja jua likianza kushuka. Anataka kurudi kwao ilhali yupo kwao, anamuulizia mama yake aliyefariki miaka arubaini nyuma, anafunga kifurushi cha nguo, anatikisa mlango. Hali hii inajulikana dunia nzima, na huletwa na mambo kadhaa yanayokutana kwa pamoja: maradhi yameivuruga saa ya ndani ya ubongo, mwili umechoka kwa mchana kutwa, mwanga unapungua na vivuli vinazidi, na mara nyingi ana njaa, kiu au mkojo ambao hawezi kuusema. Huku kwetu Zanzibar jua huzama baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro mwaka mzima, na giza halichelewi. Kwa hiyo kama unaweza kwenda mara moja tu, fika baada ya Laasiri na usiondoke mpaka Isha.

Saa hizo watazame wahudumu zaidi kuliko kuta. Zamu ya mchana inatoka na ya usiku inaingia: je, wanapeana habari za kila mzee, au mmoja anachukua mkoba wake na kwenda zake kabla mwenzake hajafika? Wanasali kwa zamu, au wazee huachwa peke yao robo saa nzima? Taa zinawashwa kabla giza halijaingia? Ukumbi wenye kiza nusu ndio unaomfanya mzee aone mtu penye pazia na shimo penye zulia jeusi. Na umeme ukikatika, kuna nini? Mwombe msimamizi akuoneshe taa ya akiba, kisha mwombe aiwashe. Taa iliyomo kabatini bila ya chaji haimsaidii mtu.

Kisha sikiliza. Bi mkubwa anasema, "Nataka kwenda kwetu, mama ananingoja." Mhudumu asiyeijua kazi humjibu, "Mama yako keshakufa zamani, bibi." Kwa mwenye maradhi haya msiba huo ni mpya, atalia kama aliyepewa habari leo, na kesho akiuliza tena atafiwa tena. Anayeijua kazi habishani naye. "Ehe, bibi. Na mama alikuwa akipika nini jioni kama hii?" Humshika mkono, wanatembea mpaka uani huku wakizungumza habari za muhogo na papa mkavu, wanarudi, chai ipo mezani. Dakika kumi zimepita na safari ya kwenda kwao imesahaulika. Ukimuona mhudumu mmoja anafanya hivyo bila ya kujua kuwa unamtazama, hilo lina uzito kuliko cheti chochote kilichotundikwa ukutani.

Kabla hujaenda popote

Huwezi kulikagua pahala kama hujui unamtafutia nani. Chukua daftari, andika kwa siku saba mfululizo: anaamka saa ngapi, anakwenda msalani mara ngapi na saa zipi, anakula nini na anakataa nini, anaghadhibika saa ngapi na kabla ya hapo kulitokea nini, usiku anaamka mara ngapi, dawa gani anameza. Karatasi hizo utazipeleka unakokwenda. Nyumba inayozisoma na kuuliza maswali ni tofauti na ile inayosema "usijali, tumezoea wazee wa namna hii".

Andika pia jina analoitikia. Si lile la kwenye kitambulisho, ni lile aliloitwa nyumbani tangu mdogo. Na andika lugha. Mzee wa Makunduchi anaweza kurudi kwenye Kikae kitupu, wa Tumbatu kwenye Kitumbatu, na aliyelelewa kwa Kiarabu au Kikachi akarudi huko, maana kilichojifunzwa mwisho mara nyingi ndicho kinachotangulia kupotea. Mhudumu mzuri asiyemfahamu atadhani anaweweseka, kumbe anaomba maji.

Jambo jengine la mwanzo ni daktari. Si kila mzee anayesahau ana dimenshia. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni kubwa, damu iliyovuja ndani ya fuvu baada ya kuanguka, masikio yaliyoziba, mtoto wa jicho, hata dawa anazomeza, vyote hivi vinaweza kumvuruga mtu akaonekana amepotewa na akili, na vingi vyao vinatibika. Na kama amebadilika kwa siku mbili tatu tu, jana alikuwa akikutambua na leo hakutambui, hiyo ni dharura ya hospitali: mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji, au choo kilichofunga siku nyingi. Usimhamishe mtu katika hali hiyo. Mtibu kwanza, umtazame upya baada ya hapo.

Ni pahala gani hasa

Makaazi ya wazee ya Serikali yapo Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani, Wete, kwa Pemba. Yamekusudiwa zaidi wazee wasio na mtu wa kuwatunza, kwa hivyo mwenye watoto wanne wazima asitarajie kupokewa kama anayekodi chumba. Mlango wa kuanzia ni kwa sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa, na maofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Hospitali ya Kidongo Chekundu ni ya matibabu ya akili, si makaazi. Familia zinazompeleka mzee pale kwa nia ya kumuacha zinamkosea yeye na wagonjwa wenyewe wa pale.

Waliobaki, na ndio wengi, wanachagua nyumba ya jamaa: chumba cha nyuma kwa mtoto wa kike Mwanakwerekwe, kwa mpwa Chake Chake, na msaidizi wa kulipwa. Hapo watu hawakagui kitu kwa sababu wanaona haya kumkagua ndugu yao. Ikague vilevile. Bafu linaloteleza haliangalii undugu, na dada mwenye watoto watatu wa skuli na duka ana mikono miwili tu.

Hesabu ya mikono ndiyo inayofichua mambo. Mzee asiyeweza kujilisha huhitaji kama nusu saa kwa kila mlo, ukimlisha pole pole bila ya kumsonga. Wakiwa sita na mlishaji mmoja, hiyo ni saa tatu kwa mlo mmoja. Haiwezekani, kwa hiyo ama wanalishwa kwa haraka na kupaliwa, ama sahani zinaondolewa zikiwa zimejaa na mtu anaandika "kakataa kula". Usiulize "mna wahudumu wangapi?" Uliza: "Leo usiku, saa nane, nani yuko macho, na wazee wangapi hawawezi kugeuka wenyewe?" Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa mbili. Mhudumu mmoja anayelala kwenye jamvi mlangoni hawezi kufanya hivyo kwa wazee watano, hata awe na huruma ya namna gani.

Msalani

Anza hapa, na kaa hapa zaidi ya unavyokaa ukumbini, maana wazee wengi huangukia njia ya msalani.

Hesabu hatua kutoka kitandani mpaka chooni. Zikizidi kumi na tano, au ikibidi kutoka uani, mzee atajikojolea njiani, na baada ya wiki chache watasema "huyu hajimudu" wamvishe nepi. Tazama kizingiti cha mlango wa choo: nyumba zetu nyingi zina kile kidaraja cha kuzuia maji yasitoke, na mguu wa mzee hauinuki vya kutosha. Kiondolewe, au kipakwe rangi kali ionekane. Vigae vilivyo na maji saa zote ni hatari. Uliza nani anavikausha baada ya kila anayekoga. Paipu ya maji na kopo viwe mkono unapofika bila ya kuinama, na ukutani kuwe na chuma cha kushika, kilichokazwa kwenye tofali. Kitikise wewe kwa uzito wako wote. Bomba la maji halihesabiki kuwa pa kushikia.

Choo cha kuchuchumaa kwa mzee wa miaka themanini mwenye magoti mabovu hakifai, lakini kiti cha plastiki kilichokatwa tundu kinaweza kuwekwa juu yake kikifungwa kisiteleze. Cha kukaa nacho kina mtihani wake: kikiwa cheupe juu ya vigae vyeupe mzee hakioni, kwa kuwa maradhi haya huharibu namna ubongo unavyopima rangi na kina. Atasimama katikati ya choo asijue pa kukaa. Kifuniko cha rangi nyengine, buluu au nyekundu, humaliza tatizo hilo kwa pesa kidogo. Na komeo la ndani litolewe, au liwe la kufunguka kutoka nje. Mzee akijifungia hatakumbuka namna ya kufungua, na atakapoogopa atapiga mlango mpaka aanguke.

Kuhusu kumkogesha: uliza nani anamkogesha nani. Bi mkubwa aliyejistiri maisha yake yote hatakubali kuvuliwa na mwanamme, na kila mtu akisema "mkorofi, anapiga watu bafuni", ukichunguza utakuta ndio sababu. Mhudumu stadi hampokonyi kanga. Humkogesha kanga ikiwa mwilini, anaanza na miguu, anamwambia kila hatua kabla ya kumgusa, na maji hayamwagwi kichwani ghafla. Maji yawe ya uvuguvugu hata kama ni Januari. Mwanamme naye apewe kikoi au msuli badala ya suruali yenye zipu na mkanda, ataweza kujisitiri mwenyewe miezi mingi zaidi.

Wengi wa wazee wetu pia hutaka kutawadha mara kwa mara, hata dakika kumi baada ya kusali, kwa kuwa wamesahau kuwa wamesali. Usikubali nyumba inayowakemea kwa hilo. Kuwe na kiti kifupi penye maji na ndoo ndogo, atawadhe amekaa. Kusimama kwa mguu mmoja kuosha mwengine ndiko kunakovunja nyonga.

Na harufu. Mkojo unaonukia pembe moja ni ajali ya asubuhi hiyo. Mkojo unaonukia nyumba nzima umeshaingia kwenye magodoro, maana yake hayana plastiki na hayaanikwi. Udi mwingi saa tano asubuhi, siku isiyo Ijumaa na hakuna mgeni wa heshima, nao unatakiwa ukufanye uinue shuka.

Chakula, na mwezi wa Ramadhani

Kaa wakati wa kula. Mzee awe ameketi wima, si amelala nusu, na abaki wima kama nusu saa baada ya kula; chakula na mate vikiingia mapafuni huleta nimonia, na hiyo huua wengi katika hatua za mwisho za maradhi haya. Akikohoa kila anapokunywa chai au maji, au sauti yake ikawa na maji maji baada ya kumeza, anahitaji vitu vizito kidogo kama uji, na daktari aambiwe. Wali mkavu humsonga. Samaki achambuliwe miiba kwa vidole kabla ya kufika mezani. Kibua na dagaa aandaliwe kwa uangalifu au asipewe kabisa. Boflo lichovywe kwenye chai. Kinywaji kwa siku nzima kiwe kama lita moja na nusu, isipokuwa daktari amekizuia kwa sababu ya moyo au figo, na kisiachwe kwa yeye kuomba, kwa kuwa hataomba.

Uliza kama wana mizani na wanapima lini. Mzee wa kilo 50 akipoteza kilo mbili na nusu kwa mwezi, hiyo ni asilimia 5, na asilimia 5 kwa mwezi mmoja ni ya kumpeleka hospitali. Wasio na mizani watakwambia "anakula vizuri" mpaka mifupa ionekane.

Swali ambalo karibu hakuna anayeuliza: Ramadhani, nani anapika mchana? Wahudumu wamefunga, mpishi anaingia baada ya Adhuhuri kutayarisha futari, na jiko halina moto tangu daku. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu dini imemsamehe, la fidia muulizeni sheikh wenu, lakini tumbo lake halijui kuwa ni Ramadhani. Anahitaji uji wake asubuhi, chakula chake saa saba na maji yake kutwa, na hasa kama anameza dawa za sukari: vidonge au sindano bila ya chakula vinaweza kuishusha sukari mpaka akazimia, na watu wakadhani amelala. Taka jina la mtu atakayepika. "Hatuwezi kumwacha na njaa" ni jawabu la heshima tu.

Kabati la dawa na kamba ya kanga

Waambie wakuoneshe dawa zinapokaa. Kila mzee awe na mfuko au boksi lake lenye jina, na buku ambalo mtoa dawa ameandika saa na kutia sahihi. Buku lililojazwa wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, sahihi zote zimenyooka, limejazwa kwa mpigo mmoja jana.

Uliza wazi: "Mzee asipolala, mnampa nini?" Jawabu la hatari ni Piriton au Phenergan. Hizi hununuliwa kirahisi na hulaza, lakini zinazuia kemikali ile ile ya ubongo ambayo maradhi yameshaipunguza, kwa hivyo mzee huamka amevurugika zaidi, mkojo umeziba, mdomo umekauka. Diazepam humlewesha, naye akiamka usiku huanguka. Dawa kama haloperidol zinahitaji amri ya daktari, kipimo kidogo kabisa na tarehe ya kuangaliwa tena, kwa sababu zinaongeza hatari ya kiharusi na ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Kama mzee wako huona watu wasiokuwepo na anatembea kwa kukakamaa, waambie madaktari na wahudumu mapema: huenda ni dimenshia ya aina ya Lewy, na mwenye aina hiyo anaweza kukakamaa mwili mzima kwa dozi ndogo tu ya dawa hizo. Mnaosema "ni mashetani", msomeeni mzee, Yasini inaweza kumtuliza. Ila msiache hospitali kwa ajili hiyo, wala msikubali anyweshwe kitu msichokijua.

Wazee wote wamelala fofofo saa kumi na moja jioni? Si utulivu huo.

Kisha inama utazame miguu ya vitanda. Kipande cha kanga kilichosokotwa na kufungwa kwenye mguu wa kitanda, fundo limekazana na kitambaa kimechakaa pahala pamoja, hakina kazi nyengine nyumba ile. Tazama vifundo vya mikono ya wazee: alama ya mviringo, ngozi iliyochubuka au kuwa nyeusi. Watu hufunga kwa kuogopa mzee asipotee au asianguke, na wengi hawana nia mbaya. Lakini aliyefungwa hupata vidonda, misuli yake huisha kwa wiki chache, na akijivuta anaweza kunyongwa na hicho kitambaa. Kumfungia chumbani kwa kufuli usiku ni ndugu wa hilo. Moto ukitokea ufunguo uko kwa nani?

Kuzuia kupotea kuna njia zake. Geti liwe na kitasa kilicho juu au kilichofichwa kwa pazia la rangi ya ukuta. Uani kuwe na njia ya kuzunguka na kurudi pale pale, maana anayetembea anahitaji kutembea. Kisima kiwe na mfuniko mzito. Visima vya uani vimekuwa hatari kwa watoto na wazee tangu zamani. Nyumba ya Mji Mkongwe yenye ngazi za wima za kupandia dari haimfai hata iwe ya nani, labda alale chini na ngazi ifungwe. Na wawe na picha yake ya karibuni, na wajue hatua: dakika tano kutafuta ndani, kisha sheha, kisha msikiti utangaze kwa kipaza sauti. Mzee akipotea mara nyingi huelekea alikozaliwa au alikofanya kazi, kwa hiyo andika hayo kwenye daftari lao.

Ngozi utaiangalia kwa ruhusa. Vidonda vya kulala huanzia chini kabisa ya mgongo, nyongani na visiginoni. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta pahala peusi zaidi ya penzake, pa moto, pagumu au palipolegea ukipagusa. Kidonda kilichofunikwa kwa bandeji hakimaanishi uzembe, kila nyumba inayopokea wagonjwa mahututi hukutana navyo. Uliza kilianza lini, kina ukubwa gani leo, nani anakisafisha. Anayejua atakujibu papo hapo.

Pesa na karatasi

Pencheni jamii ya Zanzibar, inayolipwa kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa kuwa 50,000. Andikeni nani anaipokea kwa niaba yake na inatumika kwa nini. Haitoshi. Nepi za watu wazima peke yake, nne au tano kwa siku, ni kati ya 120 na 150 kwa mwezi. Ulizeni bei dukani kabla ya kukubali kuwa "nepi ni juu ya familia".

Dhahabu ivuliwe kabla ya kuhama, igawiwe au iwekwe amana mbele ya ndugu wote. Bangili ikipotea, msaidizi ndiye anayelaumiwa, na mara nyingi mzee mwenyewe ameificha ndani ya mto. Andikeni pia nani apigiwe simu usiku, hospitali gani apelekwe, nani analipa gari, na akifariki nani aambiwe kwanza na azikwe wapi. Watu huona ni kisirani kuyasema haya. Wanaoyaacha hugombania maiti saa nane za usiku.

Mlio Muscat, Dubai au London na mnaotuma fedha: msikubali simu ya video iwe ya miadi. Pigeni saa moja usiku siku ya katikati ya wiki, muombe simu iingizwe chumbani, muone shuka, mdomo kama umekauka, kucha, na kama anayeshika simu anamwamkia mzee kabla ya kumsogelea.

Wiki za mwanzo

Kama pahala panaruhusu, mjaribu wiki mbili kabla ya kukata shauri. Mhamishe asubuhi, si jioni. Tanguliza kitanda chake au angalau shuka lake lililotumika, mto, msala, tasbihi, redio yake ikiwa kwenye stesheni aliyoizoea. Usimkusanyie ukoo mzima wa kumsindikiza na kulia mlangoni. Atavurugika zaidi kwa wiki kadhaa, atakataa kula siku moja mbili, atakulaumu. Hayo ni ya kawaida na hupungua.

Yasiyo ya kawaida ni haya: alama mpya mwilini ambazo kila mhudumu ana habari yake tofauti, usingizi wa mchana ambao hakuwa nao, kilo mbili zimeondoka, nepi nzito unapofika bila ya taarifa, au anajikunja mhudumu fulani akiingia. Likiwa moja, uliza na uandike jawabu na tarehe. Yakiwa mawili, mtoe wiki hiyo hiyo, hata kama chumba cha nyumbani hakijawa tayari.